Shaba ya Kalumbe

Wiki ile watu wa mtaa wa Kataki, Kalemie, walianza kumsalimia Papa Valère kwa mikono miwili. Fundi wa baiskeli aliinuka alipopita. Mwenye duka la kona, ambaye si zamani alimwambia mbele ya wateja kwamba sukari haiuzwi kwa maneno, sasa alimtolea kiti na kukifuta vumbi. Kanisani walimsogeza kutoka benchi la nyuma mpaka la mbele, naye alisogea bila kubembelezwa. Huyu ni mtu aliyepunga bendera pale stesheni ujana wake wote, kisha treni zikawa za kusikia tu, na pensheni ikafuata treni. Usimlaumu kwa kupenda benchi la mbele.

Sababu ya heshima yote hiyo ilikuwa binti yake Ketsia, na mchanga.

Ketsia alifanya kazi kwenye kampuni moja ya kutafuta shaba, iliyokodi ghala la zamani la pamba karibu na stesheni. Wenzake walipita kwenye vijito vya upande wa Niemba wakichota mchanga chini ya maji. Mifuko ilipofika ghalani, Ketsia aliuosha mchanga, akaukausha, akauchekecha kwa chekeche laini la waya, lile ambalo kazini waliliita tami, halafu akauzungusha ndani ya karai la maji mpaka zikabaki punje nzito tu, nyingi zikiwa nyeusi. Punje hizo zilipelekwa ng'ambo kwenye maabara yenye mashine ya kupiga mwali juu ya punje moja moja na kusoma kilichomo ndani yake.

Wengi mtaani walidhani kampuni inatafuta shaba mtoni. Sivyo. Shaba haivumilii safari ya maji. Huoza na kupotea njiani. Punje nyeusi ya chuma ni ngumu, husafiri mbali bila kufa, na ikiwa ilizaliwa jirani na shaba, hubeba ndani yake vitu ambavyo punje ya mwamba wa kawaida haina. Ketsia alimweleza baba yake hivi: kila punje ina ukoo, na maabara kazi yake ni kuuliza ukoo. Papa Valère aliyapenda sana maneno hayo, akayatembeza mtaani kana kwamba yametoka kichwani mwake.

Sasa mfuko mmoja uliotoka mto Kalumbe ulikuwa umeonyesha jambo kubwa zaidi. Chini ya hadubini, katikati ya zile nyeusi, Ketsia aliona punje za manjano zinazong'aa: shaba yenyewe, bado jiwe. Na Kalumbe ni mto wa ukoo wa Papa Valère. Huko kaka yake Bertin analima, na huko mama yao amezikwa. Maabara ilikuwa haijajibu, lakini Papa Valère hakuona haja ya kuingoja.

"Mashine ya kutoboa inakuja Kalumbe," alimwambia kila aliyekaa naye barazani. "Banangojea karatasi ya labo tu. Karatasi iko nini? Mutoto wangu aliona na macho yake."

"Papa, nilisema tungoje," Ketsia alimwambia akipita na ndoo.

"Tunangoja. Nani anakataa? Lakini hata muntu anayengoja gari anasimamaka karibu na njia."

Yeye alikuwa amekwisha kusimama katikati ya njia. Alimtuma dereva wa pikipiki amwambie Bertin waondoe mihogo upande wa mto na kusafisha uwanja wa mashine, kwa sababu ukoo wa ng'ambo ya mto wakisafisha kwanza, mashine itawekwa kwao, na wao watabaki kusikia kelele zake. Hilo hakumwambia mkewe wala binti yake. Aliona ni mambo ya wanaume na ardhi yao.

*

Jibu la maabara lilifika ghalani asubuhi yenye manyunyu. Mireille, mjiolojia aliyekuwa mkubwa wao pale Kalemie, mzaliwa wa Likasi, aliwaita watu wawili ofisini kwake: Ketsia, na Serge aliyechota mchanga wa Kalumbe. Serge aliingia na mabuti yake ya matope, akaona sakafu ni safi, akabaki karibu na mlango.

Mireille aliwageuzia kioo cha kompyuta. Punje moja ya manjano ilikuwa imekuzwa ikajaa kioo kizima.

"Angalieni pembe zake," alisema. "Punje ya mutoni maji inaizungusha, inakuwa laini. Hii ina pembe kali. Hii ilivunjwa na kinu. Na ndani yake kobalti imejaa. Ukoo wake si wa huku. Inatoka kwetu kusini, mu mgodi, imeshasagwa."

"Na zile nyeusi, shefu?" Ketsia aliuliza.

"Zile nyeusi ni za Kalumbe kweli. Zinasema hazijakaa jirani na shaba hata siku moja."

Serge alikuwa wa kwanza kuelewa maneno yanakoelekea, kwa kuwa mtu maskini huisikia lawama ikiwa bado barabarani.

"Shefu, mimi njo nilichota. Nilichota mu maji, nikafunga, nikaleta. Sikuongeza kitu."

"Basi nani aliongeza? Kazi ya huku ilikuwa karibu kuisha, kila mutu alijua. Mara punje za mgodi zinaingia mu mfuko wa Kalumbe, na kazi inapata maisha. Kule mutoni ulikuwa peke yako." Mireille hakusema kwa hasira, alisema kama mtu anayepiga hesabu. "Kaa nyumbani kwanza. Kesho nitawaambia wakubwa wa Lubumbashi. Wakitaka polisi, ile si kazi yangu."

Serge alimtazama Ketsia, akingoja aseme neno lolote la kumsaidia, maana walikuwa wakila pamoja mchana. Ketsia alitazama kioo. Alikuwa amekumbuka siku umeme ulipokatika ghalani wiki nzima, na yeye, akitaka kuonekana mchapakazi, akabeba chekeche kwenda nalo nyumbani chini ya kitenge ili amalizie kazi huko, ingawa kanuni ilisema wazi kwamba vyombo havitoki. Alikumbuka kwamba Jumamosi aliliacha ukumbini akaenda mazoezi ya kwaya. Aliporudi lilikuwa linang'aa kama sahani ya harusi, na hakujiuliza kwa nini.

Aliogopa, na kwanza aliogopa kwa ajili yake mwenyewe. Tuseme ukweli: Serge alikuja akilini baadaye.

*

Mama Mado alikuwa anasonga ugali uani. Ketsia hakuvua hata viatu.

"Mama, ile tami niliileta wakati umeme ilikatika. Uliigusa?"

"Nilikuoshea," mama yake alisema, na kweli alifurahi kwamba hatimaye mtu ameliona hilo. "Nilisugua na majivu hata ikang'aa."

"Kabla ya kuosha ulifanya nini nayo?"

"Nilichekecha mchanga wa kaburi. Yangu ina matundu makubwa, na fundi alitaka mchanga kama unga, juu ya kulainisha."

Ketsia alikaa kwenye kinu kilicholala. Mambo yote yalikuwa yameeleweka, lakini aliuliza la mwisho. "Mchanga ulitoka wapi?"

"Bandarini. Wale bamama wanaofagia pale wanapangaka magunia ya mgodi ya kwenda Kigoma. Magunia inapasukaka, wanafagia, wanauza mchanga bei ya chini. Iko mzuri, mweusi mweusi, unang'aa." Mama Mado aliacha kusonga. "Kuko nini?"

Lazima msomaji ajue kaburi hili lilikuwa nini kwa Mama Mado. Yeye ni mtu wa Moba, kule kusini kando ya ziwa. Tangu aolewe, ukoo wa Kalumbe ulimwita mwanamke wa mashua, aliyekuja na maji. Mama mkwe alipofariki, matanga hayakuweza kufungwa mpaka kaburi lijengwe kwa sementi, na ndugu wote wakatazamana. Mado ndiye aliyeuza vitenge vyake, akatafuta mchanga, akauchekecha kwa mikono yake, akaupandisha Kalumbe. Siku ya kufunga matanga Bertin, mkubwa wa ukoo, alisimama mbele ya watu wote akasema: huyu ametuzikia mama. Tangu siku hiyo hakuna aliyetaja mashua tena.

Ketsia alimweleza polepole: punje zilizonasa kwenye waya, mfuko wa Kalumbe uliochekechwa baada ya hapo, maabara, na Serge. Mama Mado alisikiliza mwiko ukiwa mkononi. Hakulia. Alisema tu, "Mimi nilifikiri nimekusaidia," na sauti yake ilikuwa ndogo sana.

Papa Valère alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo.

"Hakuna muntu amekufa," alisema.

"Serge atafungwa, Papa."

"Atafungwa, atatoka. Weye ukisema, utafukuzwa leo. Tutakula nini? Minerval ya masomo ya mudogo wako Hénoc itatoka wapi?" Aliingia uani, akashusha sauti. "Weye nyamaza. Shefu mwenyewe anafikiri ni Serge. Nani alikuuliza?"

"Lakini mashine haitakuja Kalumbe hata nikinyamaza. Zile nyeusi zimekataa."

Hapo Papa Valère alibadilika uso. Benchi la mbele, kiti kilichofutwa vumbi, mikono miwili, vyote alivyokuwa navyo viliondoka kwa sentensi moja. Lakini kulikuwa na kingine kilichomgeuza uso, na Mama Mado, aliyeishi naye miaka mingi, alikiona.

"Umefanya nini kule Kalumbe?"

"Niliwaambia watayarishe mahali."

"Mahali gani?"

"Upande wa muto."

"Upande wa muto njo kwenye mihogo ya Abigaël," Mama Mado alisema. Abigaël ni mke wa Bertin. "Ile mihogo haijafika hata mwaka."

"Mihogo inaoteshwaka tena."

"Na watakula nini wakati inaota? Karatasi ya labo?"

Mama Mado alijaribu kupiga simu. Kalumbe hakuna mtandao, labda mtu apande kilima, na siku ile hakuna aliyekuwa amepanda. Ugali uliganda sufuriani bila mtu kuugusa.

*

Asubuhi Carmel, mke wa Serge, alikuja na bata chini ya kwapa. Alikuwa mwanamke mwembamba, mjamzito, aliyevaa nguo zake za kanisani siku ya kazi. Alipewa kiti, akakalia ukingo wake tu. Ketsia alikuwa ndani akijifunga kitenge cha kazi, na alisikia kila kitu.

"Papa, nimekuja kwenu kama mutoto," Carmel alisema akiweka bata miguuni pa Papa Valère. "Serge hakulala. Anasema hakufanya, mi ninamuamini. Lakini sisi tuko nani? Papa, siku hizi wanakusikia. Na mutoto wenu iko karibu na shefu. Ukisema neno moja tu."

Siku hizi wanakusikia. Jana yake Papa Valère angelirudia neno hilo kichwani kutwa nzima. Sasa lilimchoma, akajikuna goti.

"Nitaona," alisema.

Bata alijinyoosha kwenye kamba yake, akachafua kiatu cha Papa Valère. Hakuna aliyecheka. Carmel aliinama kukifuta kwa ncha ya kitenge chake, tumbo likimzuia, naye Papa Valère akamwacha afute. Mama Mado aliyaona hayo kutoka uani. Kuna mambo ambayo mtu huyavumilia usiku mzima, kisha ukingo wa kitenge humshinda.

Alikuja, akamwokota bata, akamrudisha mikononi mwa Carmel.

Carmel alibadilika rangi. Kwao, na kwa kila mtu pale, zawadi ikirudishwa ina maana kwamba jambo limekataliwa na mlango umefungwa. "Mama, basi wameshaamua," alisema. "Sema tu nijue."

"Hapana, mama. Keti vizuri. Bata ni yako juu bwana yako hakufanya kitu. Ni mimi."

"Mado," Papa Valère alisema.

"Ni mimi. Nilichukua chombo ya kazi ya mutoto, nikachekechea mchanga wa kaburi. Mchanga ulikuwa na mawe ya bandari. Bwana yako iko safi. Enda umwambie ale."

Carmel hakuelewa yote, ila alielewa neno safi. Alilia akiwa amemkumbatia bata, na bata akamwacha alie. Papa Valère alitazama kiatu chake kilichofutwa, na hakuinua macho mpaka mwanamke yule alipoondoka.

*

Mireille aliwasikiliza mama na binti wakiwa wamesimama. Mama Mado alikuwa amebeba mabaki ya mchanga kwenye bakuli la plastiki, alilolifunika kwa leso kana kwamba ni chakula cha mgonjwa. Mireille alichota kidogo, akauweka chini ya hadubini, akainama kwa muda mrefu.

"Ni hizi," alisema. "Pembe kali zile zile. Zitakwenda labo, lakini ni hizi."

Alimpigia Serge simu papo hapo akamwambia arudi kazini. Hakumwomba radhi, lakini alimpigia mwenyewe. Kisha akamgeukia Ketsia. Hakupiga kelele, na ingekuwa nafuu kama angepiga.

"Kazi yako ni nzuri. Sijapata mutu mwenye mikono kama yako. Lakini tami ilitoka, na sasa mifuko yote iliyopita mu tami ile baada ya siku hiyo ni ya kutupa. Na jana ulisimama hapa, ukaniacha nimuseme Serge." Alimimina mchanga wa bakuli kwenye mfuko wa kwenda maabara. "Hiyo ya pili njo inaniuma zaidi."

"Ndiyo, shefu."

"Siwezi kukubakisha."

"Na Kalumbe?" Mama Mado aliuliza. "Hakuna hata kidogo? Hata chini kabisa?"

"Mama, zile punje nyeusi zimetoka mu mawe yote ya mlima ule. Kama shaba ilikuwa pale, ingekuwa imezigusa. Mashine haiendi. Tunahamia upande wa Nyunzu."

Langoni mlinzi, aliyezoea kumtania Ketsia kila jioni, alikuwa amekwisha kupigiwa simu. Alimwomba afungue mkoba. Alitoa kitana, nusu andazi, kitabu cha nyimbo, akavipanga juu ya meza mbele ya watu waliokuwa wanapita kwenda stesheni, kisha akavirudisha kimoja kimoja bila kumtazama usoni. Mama Mado alisimama pembeni na bakuli lake tupu. Ketsia alitamani ardhi impe nafasi, lakini ardhi ya stesheni ni ngumu, imeshindiliwa na miguu ya watu wengi.

Nyumbani Papa Valère alikuwa amejilaza akielekea ukutani.

"Amka," mkewe alimwambia. "Tunaenda Kalumbe."

"Mimi nitaenda kusema nini kule?"

"Weye njo uliwaambia wang'oe. Weye njo utawaambia waache."

*

Kesho yake walipanda pikipiki mbili, mvua ikiwachapa mpaka baada ya Niemba. Papa Valère alivaa koti lake la reli na viatu vya ngozi. Ketsia alimwona mgongoni kwa dereva, mdogo kuliko alivyomzoea, akamkasirikia na kumhurumia kwa pamoja, na hakujua afanye nini na mambo hayo mawili.

Walichelewa. Shamba la upande wa mto lilikuwa limelala chini lote. Mihogo iliyong'olewa, myembamba kama vidole vya mtoto, ilikuwa imelundikwa bila kumenywa kwa sababu haikuwa na kitu cha kumenya. Miti yake ilitupwa kando, majani yamenyauka. Na katikati, pale palipokuwa pamesafishwa kwa ajili ya mashine, palikuwa na mashimo. Vijana wa ukoo walikuwa ndani wanachimba. Bertin, na umri wake ule, alikuwa kwenye shimo moja, udongo umemfika kifuani.

"Mudogo, karibu," alisema akitoka, akamshika Papa Valère mkono kwa furaha. "Tuliona mashine inachelewa. Watu wa ng'ambo wanasema wataanza kuchimba, tukasema sisi hatuwezi kulala. Mashine iko wapi?"

"Mashine haiji, yaya. Hakuna shaba," alisema Papa Valère, akimwita kwa neno la heshima la kaka mkubwa.

Bertin alicheka, halafu akaona mdogo wake hacheki. "Nani anasema?"

"Labo."

"Labo ilisema iko."

"Labo haikusema. Njo mimi nilisema."

Sepetu zilinyamaza moja baada ya nyingine. Bertin alimtazama ndugu yake kuanzia koti mpaka viatu. "Walikupa nini?"

"Hakuna aliyenipa kitu."

"Valère, ulituma muntu hapa. Ulisema tung'oe haraka. Leo umekuja mwenyewe mu mvua, na bibi na mutoto, kutuambia tuache. Muntu hasafiri hivi juu ya kitu ambacho hakiko." Akamgeukia Ketsia. "Mwanangu, weye iko ndani ya kampuni. Sema ukweli."

"Hakuna kitu, Baba mukubwa. Na siko tena ndani. Walinifukuza jana."

Aliona papo hapo kwamba amekosea, lakini neno lilikuwa limetoka. Kijana mmoja shimoni alitikisa kichwa kwa kuelewa. Mwingine alisema chinichini, "Unaona?"

"Mumesikia," Bertin alisema, akiwageukia wote. "Wamemufukuza. Muntu ambaye hakuona kitu, wanamufukuzia nini? Walimufukuza juu aliona."

"Shemeji, nisikilize," Mama Mado alisema. "Kosa ni yangu. Ule mchanga nilioleta wa kujengea kaburi ya mama, ulikuwa na mawe ya bandari. Niliuchekecha na tami ya Ketsia. Zile punje walizoona ni zile. Zilitoka ku mchanga wa kaburi."

Bertin hakukasirika. Alimwendea karibu, akasema kwa upole, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko tusi. "Mama Ketsia, ulizika mama yetu vizuri. Tulikushukuru mbele ya watu. Kaburi ya mama usiitie mu maneno ya kampuni. Weye si muntu wa kutumwa hivyo." Kisha akasema kwa sauti ya wote: "Chakula iko, mutalala hapa. Lakini maneno haya musirudie mbele ya vijana."

"Yaya, ninaapa," Papa Valère alisema.

"Hata yule wa pikipiki alituambia umeapa."

Bertin alirudi shimoni. Sepetu zikaanza tena, na sasa zilikwenda kwa kasi zaidi kuliko mwanzo, maana hapo awali walikuwa wanatumaini tu, na sasa walikuwa na uhakika. Papa Valère alibaki amesimama ukingoni. Uongo wake alioutuma kwa pikipiki moja ulikuwa umekua, umeoa, una watoto, na yeye baba yake hakutambulika tena na mtu.

*

Nyuma ya nyumba Abigaël alikuwa anakusanya miti ya mihogo iliyotupwa, anaikokota kivulini. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na alikuwa amesikia yote akiwa jikoni. Hakuwasalimia upya. Alimsogezea Mama Mado mti mmoja.

"Mi sijue shaba," alisema. "Weye kwenu Moba munalima. Hii imelala ku jua tangu Jumatatu. Bado itashika?"

Mama Mado alikwangua ganda kwa ukucha. Maziwa yalitoka, kidogo, meupe. Akajaribu mwingine, halafu mwingine.

"Inatoa maziwa," alisema. "Itashika. Lakini leo, wakati udongo ungali na maji."

"Bwana yangu amesema shamba lile tusiguse."

"Hapa nyuma?"

"Hapa nyuma hakusema."

Abigaël aliingia ndani akatoka na majembe na panga. Ketsia alikata miti vipande, kila kimoja na macho yake ya kuchipukia, mama yake akapiga matuta, Abigaël akapanda. Kutoka upande wa mto walisikia sepetu zikigonga jiwe, kisha vijana wakishangilia, kisha kimya cha watu wanaotazama jiwe la kawaida.

Baada ya muda Papa Valère alizunguka nyumba akawakuta. Alisimama penye ukingo wa matuta, matope yakimpanda viatuni. Kwa muda alikuwa kama mtu anayengoja aitwe, na hakuna aliyemwita. Mwishowe alivua koti la reli, akalining'iniza kwenye uzio, akavua viatu, soksi akazisokota ndani yake, akaingia shambani kwa miguu iliyokuwa laini na myeupe kwa kukaa sana ndani ya ngozi. Aliokota kipande cha mti. Tangu ujana hakuwa ameshika jembe, na mihogo aliyokula maisha yake yote ilipandwa na wanawake. Alikigeuza kipande kile huku na huku mbele ya mkewe, binti yake, na mwanamke ambaye chakula chake cha mwaka mzima alikuwa amekiondoa kwa neno moja.

"Juu yake ni wapi?" aliuliza.

Abigaël alimtazama kidogo, mkono kiunoni. Alikuwa na haki ya kusema mengi.

"Macho yaangalie juu, shemeji," alisema.